Vipimo vya riadha vya walinzi katika futiboli ya Kimarekani

Vipimo vya riadha vya walinzi ni majaribio wanayofanyiwa wachezaji wa vyuo vikuu vya Marekani kabla timu za NFL, ligi ya kulipwa ya mchezo huo, hazijawachagua. Makao yake tangu 1987 ni Indianapolis. Mlinzi hukimbia yadi 40 (takriban mita 36.6), huruka juu na mbele, huzunguka koni tatu na huinua chuma cha kilo 102 mara nyingi awezavyo. Mbio ndizo zinazotangazwa zaidi, ingawa kwa anayemwinda kwotabeki (mrushaji mpira wa timu pinzani) kutoka pembeni hazistahili uzito huo: ni nadra akimbie umbali wote huo mstari mnyoofu bila kuguswa. Kazi yake ni kupinda kwa kasi. Mwaka 2011 J. J. Watt alizunguka koni kwa sekunde 6.88, wepesi adimu kwa mtu wa kilo 131, kisha akawa mlinzi bora wa ligi mara tatu.

Nguvu tupu nayo hupotosha. Vernon Gholston aliinua chuma mara 37 mwaka 2008, New York Jets wakamchukua akiwa wa sita kuchaguliwa, lakini hakumwangusha kwotabeki hata mara moja katika NFL. Kinyume chake, Terrell Suggs alikimbia taratibu mwaka 2003, lakini akafanikiwa katika NFL. Aliyoyafanya chuoni, kuangusha makwotabeki mara 24 katika msimu wa 2002, ndiyo yaliyotabiri vizuri zaidi mafanikio hayo. Wapo wanaosema basi vipimo vifutwe. Hapana: vyuo havilingani kwa ushindani, na saa huwapima wote kwa kiwango kimoja.