Hospitali ya Mulago na Ugonjwa wa Taya

Tusikiapo habari za hospitali kubwa ya Universite, mara twafikiri nyumba ndefu, vitanda vingi na mashini za bei kali. Ni kweli, lakini ukubwa wake hauko katika matofali. Tutazame Mulago, mjini Kampala, katika nchi ya Uganda.

Mganga Albert Cook aliianzisha mwaka wa 1913. Tangu miaka ya 1920 vijana wa Afrika walifundishwa uganga huko, pamoja na chuo cha Makerere. Na mwaka wa 1962 majengo mapya yalifunguliwa. Kazi za hospitali kama hiyo ni tatu: kutibu, kufundisha, na kutafuta asili ya magonjwa.

Mwaka wa 1957 Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland, aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba mataya pande zote mbili. Hakuutambua ugonjwa ule. Muda mfupi baadaye, huko Jinja, akaona mtoto mwingine vile vile, mwenye uvimbe hata tumboni. Akapekua madaftari ya Mulago, akakuta wengine wengi. Mwaka wa 1958 akaandika habari zao. Ilikuwa kansa, nayo iliua upesi.

Je, ilikuwa Uganda tu? Mulago peke yake haikuweza kujibu. Burkitt akatuma picha na maswali kwa hospitali za serikali na za misioni. Halafu, Oktoba 1961, akaondoka kwa motokari pamoja na Clifford Nelson na Ted Williams, mganga wa misioni ya Kuluva, karibu na mpaka wa Kongo. Walisafiri majuma 10, kilometa 16,000 hivi, hata Afrika ya Kusini. Wakaona kwamba ugonjwa huu wakaa katika nchi za joto na mvua. Milimani penye baridi ni haba.

Vipande vya uvimbe vikapelekwa London kwa ndege. Mwaka wa 1964 Epstein, Achong na Barr wakaona ndani yake virusi, ya kwanza kujulikana kuhusika na kansa ya watu. Leo twajua pia kwamba malaria yausaidia ugonjwa huu, na kwamba dawa zaponya watoto wengi wakiletwa mapema.

Basi, ndugu wasomaji, mwuguzi wa dispensari ya kijiji asidharau daftari lake. Waganga wa Mulago waliyahitaji madaftari kama hayo. Nasi tukiona mtoto amevimba taya, tusingoje wala tusimfiche nyumbani: tumpeleke hospitali siku ile ile.