Wageni wa Kongwa na Jirani Zao

Katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi ya chama chetu kikuu, mengi yamekwisha semwa juu ya alizeti, mbaazi na hesabu za vyama vya msingi. Sisi wa Kolo tuliombwa tuandike habari za historia, nasi twachagua jambo lisilopimwa kwa mizani: jinsi watu wa uwanda huu wa kati walivyowakirimu watu wa nchi nyingine waliodhulumiwa haki zao.

Yafaa kwanza ikumbukwe kuwa nchi yetu haikuwa na ziada. Wagogo hawajaisahau njaa ya Mtunya, iliyofuata nyayo za Vita Kuu ya Kwanza na kuua watu kwa maelfu. Mwaka 1961, mwaka ule ule wa Uhuru, ukame ulirudi, na watu wakala mahindi ya msaada kutoka Marekani.

Miaka mitatu tu baadaye, yaani 1964, serikali iliwapa wapigania uhuru mahali pa kukaa huko Kongwa, mashariki ya Dodoma. Mahali penyewe palikuwa na aibu yake. Ndipo Waingereza walipoanza mpango wa karanga mwaka 1947, wakafyeka pori kwa matrekta, na mwaka 1951 wakaukatiza wakiwa wamepoteza mamilioni ya pauni. Palipokufa karanga pakawa makao ya vijana wa FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, na wengineo.

Fedha na silaha zilikuwa shughuli ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, iliyoundwa mwaka 1963 na kuwekwa Dar es Salaam. Lakini kamati haimpi mtu moto wa jirani. Kazi hiyo ilikuwa ya wenyeji. Huku kwetu Kolo wageni huja kutazama michoro ya miambani, wakaondoka kesho yake. Wale wa Kongwa walikaa miaka. Walijifunza Kiswahili, walipata marafiki, wengine wakazaa na mabinti wa hapo. Wako watoto waliokua bila kuwaona baba zao, na gharama hiyo haitajwi katika hotuba.

Twasema na neno zito. Mwaka 1976 wanachama kadhaa wa SWAPO waliowauliza viongozi wao maswali, akiwamo Andreas Shipanga, waliletwa Tanzania kutoka Zambia wakafungwa bila kuhukumiwa hadi 1978. Mwaka huo huo wa 1976 vyama vikuu vya ushirika nchini vilivunjwa kwa amri, visirudishwe kisheria hadi 1982. Wanaushirika hatuwezi basi kuwatazama wafungwa wale kama watu wa mbali. Aliyemfungulia mgeni mlango kwa ajili ya haki alipaswa kumlinda hata na wakubwa wa mgeni mwenyewe.

Msumbiji ilipata uhuru 1975, Namibia 1990. Afrika Kusini ikapiga kura 1994, na Kamati ikafungwa mwaka huo. Kongwa yamebaki makaburi ya waliofia ugenini. Twaomba Mkutano Mkuu utenge sehemu ya fungu la elimu, ili watoto wa wanachama wapelekwe huko baada ya mavuno, nao wazee wa Kongwa wawasimulie habari hizi wenyewe.