Swali la Uovu na Jina la Mkana Mungu

Kiswahili humwita asiyeamini kuwapo kwa Mungu "mkana Mungu", na wakati mwingine "kafiri", ingawa kafiri aweza kuwa muumini wa dini nyingine. Kukana ni kukataa jambo ambalo msemaji analichukulia kuwa la kweli. Hivyo jina lenyewe hutoa hukumu kabla hoja haijasikilizwa.

Historia ya hoja kongwe dhidi ya imani hailingani na jina hilo. Iwapo Mungu ni mwema na ana uwezo wote, uovu watoka wapi? Swali hili hunasibishwa na Epicurus (341–270 K.K.), ambaye hakukana miungu, bali alishikilia kuwa haijishughulishi na wanadamu. Aliyelihifadhi ni Lactantius, Mkristo aliyeliandika ili alijibu. Tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, tetemeko la ardhi liliibomoa Lisbon, na swali likaamka upya Ulaya nzima. David Hume alilijadili katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1779, miaka mitatu baada ya kifo chake.

Ni J. L. Mackie, mwaka 1955, aliyeligeuza kuwa hoja kali ya kimantiki ya kutokuwapo kwa Mungu: wema kamili, uwezo wote na uovu haviwezi kukubaliwa pamoja. Alvin Plantinga alijibu mwaka 1974 kwamba hata mwenye uwezo wote hawezi kuwalazimisha viumbe kutenda mema kwa hiari yao. William Rowe, mwaka 1979, alilegeza dai: mateso yasiyo na faida yoyote inayoonekana, kama ya mnyama anayeungua peke yake msituni, hayathibitishi kutokuwapo kwa Mungu, lakini huifanya imani iwe ngumu kutetewa.

Katika kipindi hichohicho, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi alichapisha Kichwamaji. Kazimoto, kijana msomi, anahoji maana ya maisha na imani aliyoikuta, na mwishowe anajiua. Msomaji anayemtazama kama mkana Mungu tu huishia kumlaani au kumhurumia. Anayelijua swali la uovu hutambua kuwa mhusika anatoa hoja, naye hulazimika kuipima: ama aijibu, ama aikubali. Uhakiki wa riwaya ya Kiswahili una deni hilo la kupima kabla ya kuhukumu.