Mwanamke hakuwa na safu: historia ya wamama wa Kasongo na Kabambare

Kuko herufi tatu ambazo kila mwenye amegusa makaratasi ya zamani ya kilimo ya Kongo anazijua: H.A.V. Maana yake, kwa kifaransa chao, ni mwanaume mkubwa mwenye nguvu. Wakati wa Wabeleji kila hesabu ya shamba ilipita kwake. Are ngapi za pamba kwa H.A.V. mmoja, kilo ngapi za mupunga, siku ngapi za kazi. Mwanamke hakuwa na safu. Mtu akisoma yale makaratasi vile yalivyo, ataamini kama kusini ya Maniema ililimwa na wanaume peke yao. Na kila mwenye alikomea Kasongo ao Kabambare anajua kama huo ni uongo wa mchana.

Mimi ni mtu wa udongo na mbegu, si mtu wa historia. Lakini naona historia hii ni yetu sisi watu wa agronomi mbele ya kuwa ya wengine, juu njo sisi wenye tuliirithi ile rejista.

Tuanzie Nyangwe, pale kwa Lualaba. Livingstone alifika pale mwezi wa Machi 1871, kisha kukaa miezi mingi Bambarre, upande wetu wa Kabambare, na vidonda vya miguu vyenye vilimkataza kutembea. Kitu chenye kilimshangaza Nyangwe kilikuwa soko. Wamama walivuka mto na mitumbwi, vichwani wamebeba mihogo, vyungu, samaki, mafuta ya mawese, kuku. Walibishana bei na kucheka, na yeye mzungu mzima alikuwa anakwenda kukaa tu kuwaangalia. Aliandika pia jambo moja ambalo kwangu lina uzito kuliko yote: wamama wa soko walipita katikati ya vijiji vyenye vilikuwa na vita, na hakuna mwenye aliwagusa. Fikirini kidogo. Ni kusema kulikuwa sheria, na sheria ile ilishikwa na miguu ya wanamke kutoka kijiji mpaka kijiji. Leo tungeiita mapatano ya amani na tungeitafutia bajeti.

Tarehe 15 Julai 1871 sheria ile ilivunjwa. Watu wa mfanyabiashara Dugumbe waliingia sokoni na bunduki, mabishano yakaanza juu ya kuku, wakapiga risasi. Livingstone alikadiria watu karibu 1,500 sokoni siku ile, wengi wao wanamke. Walikimbilia mitumbwi, mitumbwi ikajaa, wengi wakajitupa majini na mto ukawabeba. Wafanyabiashara wenyewe walihesabu wafu kati ya 330 na 400.

Barua yake juu ya siku ile ilifika London na ilifanya kelele. Ilikuwa kati ya mambo yenye yalisukuma Uingereza kumbana Sultani Barghash mpaka akatia sahihi mapatano ya tarehe 5 Juni 1873, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Kwa hiyo vitabu vinasema: Livingstone, Barghash, serikali ya Uingereza. Hakuna jina hata moja la mama wa Nyangwe. Na mwaka 2011 wataalamu wa mbali walitoa tena daftari lake la 1871. Lilikuwa limeandikwa juu ya karatasi za gazeti la zamani na maji ya mimea, wino ulikuwa umefifia, wakalisoma na mwangaza wa rangi nyingi mpaka maneno yakarudi. Kazi nzuri, siisemi vibaya. Lakini kwa Wagenya, wenye mababu zao walikuwa na mitumbwi kwenye mto ule ule, mwangaza wa kuuliza hauombi mashini yoyote.

Kisha kuko yule mwingine, mwenye jina lake lilibaki. Ndani ya maisha yake aliyoyaandika yeye mwenyewe kwa Kiswahili, Tippu Tip anaeleza namna alipata utawala kwa Kasongo Rushie, mtawala wa Utetera. Alisikia kwamba zamani dada za mtawala walitekwa na kupelekwa Urua. Mmoja wao anaitwa Daramumba. Tippu Tip akajitokeza akasema: yule njo bibi yangu, babu yangu alimnunua kule, mimi ni damu yenu. Muzee akaamini na akamwachia kiti. Wengi wenye walisoma kile kitabu wanaona ilikuwa hila tu. Lakini angalieni vizuri namna hila ilifanya kazi: ilifanya kazi juu ya watu wa pale walikubali kwamba haki ya kutawala inaweza kupita kwa mwanamke, hata mwenye alitekwa, hata mwenye amepotea miaka mingi. Utawala wa mtu mkubwa kuliko wote katika historia yetu ulisimama juu ya jina la mama mwenye hakuna mtu aliuliza aliishia wapi.

Sasa turudi kwa pamba. Ile Nyangwe ya soko njo serikali ya Wabeleji ilichagua kuwa moja ya mahali pa kujaribia pamba, na kwa ordonansi ya tarehe 20 Februari 1917 kulima kukawa lazima, mpaka siku 60 kwa mwaka. Maniema ilikuwa kati ya sehemu za kwanza. Kwa karatasi, siku 60 ni za mwanaume. Kwa shamba, kila mwenye amelima pamba anajua inaomba nini: kukata pori na kuangusha miti ni kazi ya nguvu ya siku chache, kisha inakuja palizi ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha kuokota kwa mkono, tunda kwa tunda, kisha kuchagua safi na chafu. Hizo kazi za mgongo ulioinama zilikuwa za wamama na watoto. Siku ya soko la pamba jina lenye liliitwa lilikuwa la bwana, franga ziliingia mkono wa bwana, na kodi ikatoka mle mle. Osumaka Likaka, mwanahistoria wa Kongo, ameonyesha hayo katika kitabu chake cha 1997 juu ya pamba na vijiji: mwenye alikuwa na wake wengi alimaliza kipande chake kwa urahisi. Ni kusema hata serikali ilijua ni nani analima. Haikuandika tu.

Na mupunga? Watu wa pwani njo walieneza mupunga katika mashamba yao makubwa ya Kasongo, hiyo tunaifundisha kwa fahari. Nani alipanda, alifukuza ndege, alitwanga, aliweka mbegu ya mwaka ujao juu ya moshi wa jiko? Kule Marekani, Judith Carney aliandika mwaka 2001 kwamba mupunga wa Karolina hauelezeki bila ujuzi wa wanamke waliotoka Afrika ya Magharibi kama watumwa. Wenzake wengine walimpinga, na mabishano yale yalifaa, juu kila mtu alilazimika kwenda kutafuta ushahidi. Sisi hatujaanza hata kubishana.

Historia ya wanamke wa Manyema inapatikana zaidi ng'ambo ya Tanganyika. Sheryl McCurdy aliwatafuta Ujiji na Kigoma, wajukuu wa wenye walitoka kwetu, wengi kwa kamba ya utumwa, na akaonyesha namna waganga wa Kiingereza miaka ya 1920 na 1930 waliwajadili juu ya kukosa uzazi na magonjwa, kama vile walikuwa hatari ya mji. Hata pale, mwanamke anaingia ndani ya karatasi kwa mlango wa ugonjwa.

Kwa hiyo kutafuta kunaanzia wapi? Naona si kwa ofisi ya teritware. Daftari za ubatizo za misioni zinaandika jina la mama pembeni ya jina la baba. Hiyo peke yake ni hazina, na jimbo la Kasongo limekuwa jimbo kamili tangu 1959. Lakini kwetu Waislamu ni wengi, na wao hawamo mle. Kwao inaomba kupitia wamama wa maulidi, wenye kujua nani aliolewa na nani na kwa mahari gani. Vyama vya wamama wa shamba, likelemba, wakunga wa zamani, redio ya mtaa: hao njo washiriki wa kazi, si watu wa kuhojiwa tu kisha tunapanda pikipiki tunarudi Kindu. Ukimuuliza mama muzee mwaka, hatakuambia namba. Atakuambia mtoto gani alikuwa mgongoni, ao ni kabla ya waasi wa 1964 ao nyuma. Anayejua kugeuza hayo kuwa tarehe ni mwalimu wa kijiji mwenyewe, si sisi.

Na kuko mashauri ya kupatana mbele ya kufungua mdomo. Kama ukiita mkutano kwa mwami, wanaume watajibu kwa niaba ya wake zao, kwa heshima kabisa, na utarudi na H.A.V. wako. Siku yenye unamchukua mama ni siku ya shamba imepotea, ilipwe. Sauti yenye imerekodiwa nakala yake ibaki kijijini. Upande wa Salamabila na Wamaza, kule vita vya miaka hii bado vina harufu, kuko maswali yenye hayaulizwi na kijana wa lisansi na simu yake. Yaachwe mpaka mama mwenyewe ayafungue.

Wengine watasema hizi ni hadithi za zamani, watu wanahitaji mbegu. Sawa. Mbegu zikija zinagawanywa namna gani? Kwa orodha ya wakubwa wa nyumba. Sheria ya jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987 ilimlazimisha mwanamke aliyeolewa kuomba ruhusa ya bwana mbele ya kutia sahihi karatasi ya sheria. Ile ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa ruhusa hiyo. Lakini mjane akifukuzwa kwa shamba lenye alilima miaka thelathini, wazee wanamuuliza shahidi ni nani kama shamba lilikuwa lake. Shahidi njo ile historia ambayo haikuandikwa, na wenye wanaikumbuka wanapungua kila msimu wa mvua.

Tungeweza kuanza kidogo: kijiji kimoja cha Wagenya, kimoja upande wa Kabambare penye njia iko salama, na zao moja tu, mupunga: majina ya mbegu, nani alizileta, alizipata kwa nani. Mwenye yuko na shangazi ao nyanya anayekumbuka majina ya mbegu za mbele ya Yangambi, aandike hapa chini. Na mwenye nyumbani kwao kuko daftari ya zamani ya likelemba ao ya kupima pamba, asiwashe nayo moto. Apige picha kila ukurasa, hata wenye umeliwa na mchwa.