Majalada Yaliyochomwa Kabla ya Uhuru

Katika siku za mwisho za utawala wa Kiingereza nchini Kenya, ilhali wananchi wakishona bendera na kufunza watoto nyimbo, maofisa wa serikali walikuwa wamejifungia ofisini wakichambua makaratasi: yapi waachiwe warithi, yapi yasafirishwe London, na yapi yateketezwe. Khofu yao ilikuwa na sababu bayana. Tangu tarehe 20 Oktoba 1952, Gavana Evelyn Baring alipotangaza hali ya hatari ili kuikomesha Mau Mau, harakati ya kuupinga utawala huo, makumi ya maelfu ya watu, aghalabu Wakikuyu, walitiwa kizuizini bila ya kufikishwa mbele ya kadhi wala hakimu, na zaidi ya watu 1,000 wakanyongwa. Na mengi katika hayo yaliandikwa, maana utawala ule haukuzoea kutenda jambo, jema au ovu, pasi na kulifungulia jalada.

Nguvu ya maandishi ilikwisha kuonekana Hola, kambi iliyokuwa karibu na mto Tana, ambako tarehe 3 Machi 1959 walinzi waliwapiga mahabusu waliogoma kufanya kazi hata 11 wakafa, na serikali ikatangaza kwamba wamekufa kwa maji waliyokunywa, mpaka uchunguzi wa maiti ulipoikadhibisha.

Mwaka 1961 Iain Macleod, waziri wa makoloni, aliagiza kwamba serikali mpya zisirithi maandishi yoyote yawezayo kuifedhehesha serikali ya Malkia, polisi, wanajeshi au watumishi wake, wala yale ya kuwafichua majasusi wake, wala yale ambayo mawaziri wapya wangeweza kuyatumia isivyostahiki. Agizo hilo lilitekelezwa kwa nidhamu ya kustaajabisha. Majalada ya siri yalitengwa na kupigwa muhuri wa herufi W, na nchini Kenya ikakatazwa yashikwe na mtu yeyote asiyekuwa raia wa Kiingereza mwenye asili ya Kizungu, hata akiwa karani mwaminifu aliyeitumikia serikali hiyo hiyo maisha yake yote. Jalada likiondolewa, liliwekwa la bandia mahali pake ili pengo lisionekane. Yaliyochomwa yalitakiwa yawe majivu, na majivu yenyewe yapondwe. Na ikiwa moto haufai, makaratasi yatiwe katika makasha mazito na kutoswa baharini, penye kina kirefu pasipo na mkondo, mbali na pwani kwa kadiri iwezekanavyo.

Hatuyajui hayo kwa uvumi, bali kwa maagizo yenyewe. Kwani hao waliochoma kwa utaratibu waliandikiana pia utaratibu wa kuchoma, na sehemu ya barua zao ikasafiri pamoja na majalada yapatayo 1,500 yaliyopelekwa Uingereza, ambayo Kenya huru iliyadai isipewe, na ambayo hatimaye yalifichwa Hanslope Park, katika jimbo la Buckinghamshire.

Mwaka 2009 wazee watano wa Kenya waliopita katika kambi za kizuizini, mmoja wao akiwa ni mtu aliyepigwa Hola hata akazimia na kudhaniwa maiti, waliishitaki serikali ya Uingereza katika Mahakama Kuu ya London kwa mateso waliyotendwa. Serikali ilijitetea kwanza kwamba dhima yote ilihamia kwa serikali ya Kenya siku ya uhuru, kisha kwamba muda umepita mno kwa kesi kusikilizwa kwa haki. Lakini mwanahistoria David Anderson na wenzake walishikilia kwamba kuna majalada yasiyoonyeshwa, na mwaka 2011 serikali ikalazimika kukiri. Jaji McCombe, mwezi Oktoba 2012, aliamua kwamba maandishi yaliyopo ni mengi kiasi cha kuwezesha haki kutendeka ijapokuwa miaka imepita. Na Juni 2013 serikali ikaeleza masikitiko yake bungeni na kukubali kuwalipa wadai 5,228, si wale wazee tu, jumla ya pauni milioni 19.9.

Wako wasemao kwamba ukweli hatimaye ulishinda. Mimi nasita. Mmoja kati ya wale watano alifariki kabla ya hukumu, na maelfu ya waliopita katika kambi zile walikwisha kuzikwa, na majeraha yao hayakupata kusomwa na jaji yeyote. Ofisa aliyetia kiberiti mwaka 1961 au 1963 hakuhitaji kuizuia haki milele. Ilimtosha kuichelewesha umri wa mtu mmoja, na katika hilo, kwa walio wengi, alifaulu.