Vitabu viwili vya London: mageuzi ya 1834 yaliyoijenga Lloyd's Register

Karibu kila meli kubwa ya mizigo inayoingia Mombasa au Dar es Salaam hubeba cheti cha daraja, yaani hati inayothibitisha kwamba mwili wake na mitambo yake vimeundwa na kutunzwa kwa kanuni zinazokubalika. Hati hiyo hutolewa na jumuiya za ukaguzi, na iliyo kongwe kuliko zote ni Lloyd's Register ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1760 na wateja wa mkahawa wa London uliokuwa na jina la Edward Lloyd. (Soko la bima la Lloyd's lilitoka katika mkahawa huohuo, lakini hizi ni taasisi mbili tofauti.) Sifa za jumuiya hii mara nyingi hupewa wahandisi wake. Mimi naona wahandisi walikuja baadaye. Kilichoijenga ni mageuzi ya mwaka 1834, yaliyoutoa uamuzi wa daraja mikononi mwa upande mmoja.

Kitabu chake cha zamani kabisa cha orodha ya meli kilichosalia ni cha mwaka 1764. Kila meli ilipewa mstari mmoja: jina, nahodha, mwenye meli, tani zake, mahali na mwaka ilipoundwa. Mwili wa meli ulipewa herufi A, E, I, O au U, A ikiwa ndiyo bora. Nanga, kamba na vifaa vingine vikapimwa kuwa vizuri, vya wastani au vibaya. Miaka kama 10 baadaye ikaingia alama ya A1. Kitabu kilikuwa cha waliolipa ada, na waliokitawala ni watoa bima, ambao walikuwa na haki kabisa ya kujua hatari waliyokuwa wakiibeba. Lakini aliyepima ndiye aliyenufaika na kipimo. Mwishoni mwa karne ya 18 walibadili utaratibu: daraja likafuata umri wa meli na mahali ilipoundwa, na meli za mto Thames zikapendelewa kuliko za bandari za kaskazini. Tazama matokeo yake. Mwenye meli aliyeng'oa mbao zilizooza, akakalafati upya na kununua kamba mpya hakurudishiwa daraja lake, kwa kuwa miaka hairudi nyuma. Mwenzake aliyeiacha meli yake ioze alihesabiwa sawa naye. Kanuni iliyotungwa kupunguza hatari ikawa inawaadhibu waliojitahidi kuipunguza.

Mwaka 1799 wenye meli walitoa kitabu chao wenyewe. Kikajulikana kama kitabu chekundu, na kile cha watoa bima kama kitabu kijani. Anayeamini kwamba ushindani peke yake huleta ukweli na aitazame miaka iliyofuata: meli moja iliweza kusomeka hivi huku na vile kule, na kila kitabu kilishukiwa na wale ambao hawakukiandika. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1830 vyote viwili vilikuwa vinaelekea kufilisika. Ndipo vikaunganishwa mwaka 1834, chini ya kamati ya watu 24: wafanyabiashara 8, wenye meli 8 na watoa bima 8. Kanuni zikachapishwa, wakaguzi 63 wakateuliwa, na meli iliyotengenezwa vizuri ikaweza kurudishiwa daraja baada ya ukaguzi. Ujuzi ukafuata. Mwaka 1837 meli ya kwanza ya chuma, Sirius, iliingizwa kitabuni. Mwaka 1852 mkaguzi alipelekwa Quebec. Mwaka 1855 zikatoka kanuni za meli za chuma.

Yupo atakayesema kwamba mageuzi hayo yalisukumwa na ukata, si dhamiri. Ni kweli, wala hilo haliyapunguzii thamani. Yupo pia atakayesema kwamba kamati ile ilikuwa ya London tu, naye ana hoja nzito zaidi: Liverpool walianzisha rejista yao ya meli za chuma mwaka 1862, iliyokuja kuunganishwa mwaka 1885, na Glasgow nao wakaanzisha yao mwaka 1890, iliyodumu hadi 1949. Lakini mifano hii inaunga mkono dai langu. Waliojitenga ni wale waliojiona wamenyimwa sauti, na walirudi kundini walipopewa nafasi.

Pingamizi kubwa zaidi ni kwamba sheria ya bunge ndiyo iliyookoa mabaharia, kwa juhudi za mbunge Samuel Plimsoll. Sheria ya 1876 ililazimisha mstari wa shehena kuchorwa ubavuni mwa meli, ila ilimwachia mwenye meli auchore anapotaka. Mstari wa namna hiyo hauzuii chochote. Mkaguzi mkuu wa Lloyd's Register, Benjamin Martell, alikuwa ameandaa majedwali ya kupimia kina cha upakiaji, yakachapishwa mwaka 1882, na sheria ya 1890 ilipoutia mstari mahali pake ilisimama juu ya kazi hiyo. Bunge lilitoa amri. Kipimo kilitoka kwa jumuiya ambayo pande zote zilikuwa zimeshaikubali.

Linabaki jambo ambalo mageuzi ya 1834 hayakulimaliza. Mwenye meli ndiye anayelipia ukaguzi, na anaweza kuhama jumuiya kali akaenda kwa iliyo laini. Jumuiya 7 ziliunda umoja wao mjini Hamburg mwaka 1968, wenye kanuni za pamoja, lakini Desemba 1999 meli ya mafuta Erika ilikatika vipande viwili karibu na pwani ya Ufaransa, mwaka mmoja tu baada ya kuhamia jumuiya ya Italia, RINA. Mahakama za Ufaransa ziliitia RINA hatiani, na mwaka 2012 mahakama ya juu ikaithibitisha hukumu hiyo. Katika viti 24 vya London hakikuwepo hata kimoja cha baharia, mtu anayezama na meli. Tanzania na Kenya, zinazoidhinisha jumuiya za nje kukagua meli kwa niaba yake, ziulize kwanza ni nani wanaoketi katika kamati za jumuiya hizo, na ziwadai wakaguzi ripoti kamili badala ya kutosheka na mhuri.