Duka lisilo na mtu

Stan Laurel na Oliver Hardy walichekesha watu wengi katika sinema za Marekani. Sisi tukicheka, tufikiri pia, kwani makosa yao ni ya wachuuzi wengi.

Katika Big Business, sinema ya mwaka 1929, wachuuza miti ya Noeli nyumba kwa nyumba, katika jua la California. Mtu mmoja akataa. Laurel amwuliza kama atanunua mwaka ujao, yule akasirika. Kiisha wao wabomoa nyumba yake, naye avunja motokari yao na kuharibu miti. Mtaji wote umekwisha, na nyumba zilizobaki hazikupigwa hodi.

Mwaka 1935, katika Tit for Tat, wafungua duka la vyombo vya umeme, kisha wagombana na jirani mwenye duka la vyakula. Kila wakienda kujilipiza, duka lao labaki wazi. Mwizi aingia, atoka na vyombo. Mwishowe aleta motokari kubwa ya mizigo.

Basi, ndugu unayetaka kuanza biashara kwa akiba ya nyumbani, ujiulize kwanza: nani atabaki dukani? Mtu akikataa kununua, nitaagana naye kwa upole? Fedha ile ni chakula cha watoto. Hasira, hasara.